Saileji kwenye mapipa juu ya lava: shajara ya mradi wetu wa Goma

Machi, mwanzoni

Chama chetu cha wafugaji upande wa Mugunga, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kimekubaliana jambo moja mwaka huu: kiangazi kisitukute tena mikono mitupu. Mvua za Machi hadi Mei zinatupa mabingobingo (majani ya tembo) mengi kuliko ng'ombe wanavyoweza kula. Yanapita kimo, yanatoa maua, shina linageuka mti. Halafu Juni mvua inakatika, na kufikia Julai mzigo mmoja wa majani unaoteremka na chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kibumba unauzwa bei ambayo mama mwenye ng'ombe wawili hawezi kuilipa kila siku. Anapunguza majani, maziwa yanapungua, na hela ya maziwa ndiyo ilikuwa inunue majani.

Kukausha hakufai kwetu. Majani yanapokuwa mengi na laini mvua inanyesha karibu kila siku, na jua la kukaushia linakuja yakiwa yamekwisha kuzeeka. Kwa hiyo tunaenda kwenye saileji: kukata majani yakiwa bado na nguvu ya chakula, kuyafungia mahali pasipo hewa, na kuyaacha yachache mpaka asidi yao yenyewe iyahifadhi.

Vitabu vingi vya ufugaji vinaanza na "chimba shimo". Hapa chini ya viatu ni lava, mwamba uliomwagwa na volkano, na mwenye kutaka shimo la mita moja atalipa vijana wenye nyundo wiki nzima. Tumechagua mapipa ya plastiki ya bluu ya lita 200, yenye kifuniko kipana na pete ya chuma. Tunayanunua yakiwa yametumika, kwa sharti kwamba yalibeba kitu cha kuliwa. Pipa linalonuka dawa baada ya kuoshwa hatulichukui hata likiuzwa nusu bei. Likishindiliwa vizuri linabeba kilo 100 hadi 120 za majani yaliyokatwakatwa. Udogo huo unatusaidia, maana wafugaji wawili jirani wanalifungua na kulimaliza kabla halijaharibika.

Machi, mwishoni

Katika kikao mzee mmoja aliuliza: kama majani yanachacha yenyewe, kwa nini tununue bakteria? Swali zuri, na jibu lake ndilo msingi wa mradi huu, kwa hiyo naliandika kwa kirefu.

Majani yakifungiwa, viumbe wadogo waliokaa juu yake wanaanza kushindania sukari. Tunaowataka ni bakteria wa asidi ya laktiki. Mama anayegandisha maziwa anawajua kwa kazi yao: anaacha kidogo ya jana ili yaongoze ya leo. Wakishika haraka, asidi inapanda, pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) inashuka karibu na 4, na waharibifu wanashindwa kuishi. Wakichelewa, wanaingia wengine: bakteria wa kinyesi wanaovunja protini kuwa amonia, na baadaye klostridia, wanaotoka kwenye udongo. Klostridia wanakula hata asidi ya laktiki iliyokwisha kutengenezwa, wanaigeuza asidi ya butiriki, na sehemu ya chakula inapotea kama gesi. Pipa la namna hiyo utalijua ukiwa bado mlangoni.

Mabingobingo ni majani ya nchi za joto, na yana matatizo mawili. Sukari yake ya kuyeyuka ni ndogo kuliko ya majani ya Ulaya ambayo teknolojia hii ilianzia kwayo. Na bakteria wazuri walioko juu ya jani mara nyingi ni wachache, tena si wote hodari. Tatizo la pili ndilo linalotatuliwa na mbegu ya bakteria, yaani bakteria wazuri tunaowaongeza wenyewe. La kwanza halitatuliwi nayo hata kidogo. Nimelirudia hilo katika kila kikao, maana watu wakisikia "bakteria wa kununua" wanafikiri ni dawa inayofuta uzembe wote uliotangulia. Bakteria ni mfanyakazi. Usipompa sukari, na ukimwachia hewa, hana la kufanya.

Wale wanaouzwa wako wa aina mbili. Kuna wanaogeuza sukari karibu yote kuwa asidi ya laktiki bila kupoteza kitu: Lactobacillus plantarum, ambaye tangu 2020 wanasayansi wanamwita Lactiplantibacillus plantarum (kwenye pakiti utakuta jina lolote kati ya hayo mawili), na Pediococcus. Hao wanashusha pH haraka. Kisha kuna Lentilactobacillus buchneri, wa polepole. Yeye anageuza sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya asetiki, ile ya siki, na asidi hiyo inazuia hamira na ukungu wakati pipa linafunguliwa. Anahitaji wiki sita au nane kabla kazi yake haijaonekana.

Wazo la kuokoa majani kwa asidi si la jana. Mwanakemia wa Finland, Artturi Virtanen, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945, kwa sehemu kubwa kwa njia yake ya kuhifadhi majani ya ng'ombe kwa kuyamwagia asidi kali. Sisi tunawaachia bakteria watengeneze asidi yao wenyewe, na hakuna mtu anayeunguza mikono.

Aprili, wiki ya kwanza: maji

Hili silioni likiandikwa popote, na kwa Goma ni kubwa.

Unga wa bakteria unayeyushwa kwenye maji kabla ya kunyunyizwa. Maji yetu mengi yanatoka Ziwa Kivu, na kwa sababu ya kipindupindu yanatiwa klorini, mara nyingi hapohapo kwenye sehemu ya kuchotea, bidoni (dumu) kwa bidoni. Klorini hiyo inaokoa maisha ya watoto wetu na hakuna anayepaswa kuikwepa kwa maji ya kunywa. Lakini inaua bakteria bila kuchagua. Ushauri unaotolewa ni kwamba klorini ikizidi miligramu 1 kwa lita, maji hayo yasitumike kwa mbegu ya saileji, na bidoni iliyotoka kutiwa dawa inaweza kupita hapo.

Tumeamua kutumia maji ya mvua tu, yaliyokingwa kwenye bati, kwenye bidoni zilizotiwa alama ya rangi nyekundu ili zisichanganyike na za nyumbani. Kama mvua haikunyesha, maji ya ziwa yenye klorini yanakaa wazi kwenye beseni pana usiku mzima kabla ya kutumika.

Aprili, katikati: mbegu mbili

Unga wa kununua tumeupata kidogo, kwa mtu aliyetoka nje ya nchi, na umekaa kwenye friji ya rafiki kwa sababu joto na unyevu vinaua bakteria waliokaushwa. Jambo la kwanza kusoma kwenye pakiti ni idadi ya bakteria hai kwa kila gramu. Kipimo kinachopendekezwa ni angalau bakteria 100,000 kwa kila gramu ya majani mabichi, yaani bilioni 100 kwa tani. Pakiti ikisema bilioni 100 kwa gramu, basi gramu 1 inatosha tani nzima.

Hapo ndipo mfugaji mdogo anapokwama. Pipa lake lina kilo 100, maana yake anahitaji sehemu ya kumi ya gramu, na hakuna mizani mtaani ya kupima hicho. Njia yetu ni kufanya kazi pamoja siku moja: gramu 1 kwenye lita 10 za maji ya mvua, na kila pipa linapata lita 1. Maji hayo yanatumika siku hiyohiyo. Hakuna kuyaweka ya wiki ijayo.

Mbegu ya pili tunaitengeneza wenyewe, na kusema kweli ndiyo inayonipa matumaini zaidi. Njia hii ya juisi ya majani yaliyochachushwa imefanyiwa kazi sana Japani. Unachukua gramu 200 za majani mabichi, yale yale utakayoyahifadhi, unayatwanga kwenye kinu na lita 1 ya maji, unachuja kwa kitambaa safi, unatia gramu 20 za sukari, unajaza kwenye chupa mpaka shingoni na kuacha kifuniko kikiwa legelege ili gesi itoke. Inakaa siku mbili kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Usiku wa Goma ni baridi, kwa hiyo chupa zetu zinalala karibu na mbabula (jiko la makaa) iliyozimwa, zimefunikwa blanketi. Juisi ikiwa tayari inanuka uchachu safi na karatasi ya kupimia inaonyesha pH chini ya 4. Kipimo chake ni lita 1 kwa kilo 100 za majani. Bakteria hao ni wazaliwa wa shamba lilelile, na hawahitaji friji wala mpaka wa nchi.

Mei, wiki ya kwanza: siku ya kujaza

Majani yamekatwa yakiwa na urefu wa mita moja na kidogo, kabla ya maua. Tumekata juu kidogo, kiganja kimoja kutoka chini, ili tusibebe mchanga mweusi wa volkano. Udongo ndio mlango wa klostridia. Kwa sababu hiyohiyo, shamba lililomwagwa samadi mbichi juzi halikuguswa.

Mabingobingo mabichi ya umri huu ni maji matupu: katika kilo 100, sehemu kavu ni kilo 15 hadi 20 tu. Tunataka ifike 30 hivi. Mvua haikuturuhusu kuyatandaza shambani, kwa hiyo yalinyaushwa chini ya shitingi (turubai la plastiki) iliyofungwa juu kama kibanda, upepo ukipita pande zote, yakigeuzwageuzwa kwa fimbo. Kupima hatutumii mashine. Unachukua majani yaliyokatwakatwa, unayafinya kwenye ngumi kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha unafungua mkono. Maji yakitiririka kati ya vidole, bado. Donge likibaki limeshikana na kiganja kikawa na unyevu bila tone kudondoka, ni wakati wake. Donge likifumuka mara moja, umechelewa na kushindilia kutakuwa taabu.

Mama mmoja wetu ana mkono usiokosea. Kijana akimletea rundo, anafinya, anaangalia, anasema: "Mwanangu, rudisha. Bado yanalia." Na kweli, ukifinya baada yake, tone linatoka.

Kukata ni panga juu ya gogo, vipande vya sentimita 2 au 3. Hapa nitasisitiza, maana hapa ndipo watu wanapochoka na kuanza kukata virefu: kipande kirefu cha bingobingo ni bomba lenye hewa ndani. Hakilali, na hakitoi juisi yenye sukari ambayo bakteria wanaisubiri.

Kila pipa lilijazwa kwa tabaka zenye unene wa kiganja. Tabaka linaingia, linanyunyizwa mbegu kwa kopo lenye kifuniko kilichotobolewa, linanyunyizwa molasi (maji mazito matamu yanayobaki sukari ikitengenezwa) iliyolegezwa kwa maji, kisha mtu anaingia ndani ya pipa kwa miguu iliyooshwa na kukanyaga akizunguka, kisigino kikigusa ukuta wa pipa, maana pembeni ndiko hewa inakojificha. Pipa likifika nusu anatoka, na gogo la mti linaendelea na kazi. Molasi ni kilo 4 kwa pipa. Wawili kati yetu hawakuipata, wakatumia ndizi za kasiksi (pombe ya ndizi) zilizoiva kupita kiasi, zimepondwa. Juu kabisa plastiki, juu ya plastiki kifuniko, na pete ya chuma inabanwa. Pipa lililoanzwa asubuhi lazima lifungwe siku hiyohiyo. Kila saa ya hewa, majani yenyewe yanapumua na kuchoma sukari yetu.

Tumeyapanga makundi manne, kwa chaki ubavuni: majani matupu bila kitu, molasi peke yake, molasi na unga wa bakteria, molasi na juisi yetu. Na mapipa mawili nje ya mpango: majani mabichi yasiyonyaushwa, yaliyotiwa unga wa bakteria bila molasi, kwa sababu wengine waliamini bakteria peke yao watatosha na njia ya heshima ya kumaliza ubishi huo ilikuwa kujaribu.

Juni

Mapipa yamelala kivulini. Wiki ya kwanza vifuniko kadhaa vilivimba kwa gesi, vikashuka vyenyewe. Hakuna aliyefungua kuchungulia. Joto letu la nyuzi 18 hadi 20 kwa wastani linawafanya bakteria wasikimbie sana, kwa hiyo tumeweka wiki sita kuwa kiwango cha chini.

Julai, katikati: kufungua

Tulianza na mapipa mawili ya ubishi. Pete ilipoachia, harufu ilifika kabla ya macho: siagi iliyooza, nzito, inayoganda kwenye nguo. Chini kulikuwa na maji meusi. Rangi ya majani ilikuwa kijani cha matope, na ukiyasugua kati ya vidole yanateleza. Karatasi ilionyesha pH juu ya 5. Bakteria wa bei ghali walikuwa wamewekwa mle, kwa kipimo sahihi, na hawakuwa na sukari ya kutosha wala majani yaliyopungua maji. Yote yamekwenda kwenye mboji.

Mapipa ya majani matupu yaliyonyaushwa yalikuwa ya kati: pH karibu na 5, harufu ya tumbaku kidogo, amonia kwa mbali. Ng'ombe anakula akiwa na njaa. Molasi peke yake ilishusha hadi kati ya 4 na 4.5, na kwa hali ya majani yetu hilo linakubalika. Majani yenye sehemu kavu asilimia 20 yanahitaji pH ishuke hadi 4.2 ili klostridia wanyamaze; yenye asilimia 30 yanatulia hata kwenye 4.4 au 4.5. Ndiyo maana siku ya kunyausha haipotei bure: inapunguza asidi tunayoihitaji.

Kundi la molasi na unga, na kundi la molasi na juisi, yote mawili yalifika karibu na 4. Rangi ni kahawia ya dhahabu yenye kijani ndani yake, vipande vya shina vinaonekana wazi, ukivivunja vinalia. Harufu ni ya uchachu mtamu. Kwa karatasi zetu za kupimia siwezi kutofautisha mapipa ya unga na ya juisi.

Tofauti ilionekana baadaye. Pipa lililofunguliwa linaingiza hewa, hamira wanaamka, wanakula asidi ya laktiki, na majani yanapata joto. Unga wetu ulikuwa na L. buchneri ndani, na mapipa yake yalibaki baridi mkononi kwa siku kadhaa. Ya juisi yalianza kupata uvuguvugu mapema zaidi. Kwa mwenye ng'ombe wanne hilo halina uzito, analimaliza pipa kabla. Kwa mwenye ng'ombe mmoja ni tofauti, na huyo tunamshauri atumie madumu ya lita 60 badala ya pipa kubwa.

Sheria ya ukungu haina huruma: sehemu yenye ukungu mweupe au bluu, na kiganja kizima chini yake, inatupwa. Saileji iliyoingia hewa na kupoteza asidi inaweza kubeba Listeria, bakteria wa ugonjwa, na ng'ombe mwenye mimba anaharibu mimba kwa hiyo.

Julai, mwishoni: swali la jibini

Mtengeneza jibini anayenunua maziwa kwa baadhi yetu amekuja na wasiwasi, na ana haki. Jibini ya Masisi, milima ya jirani, ni ya jamii ya Gouda ya Kiholanzi, inakaa wiki nyingi ikiiva. Chembe sugu za klostridia, hasa za Clostridium tyrobutyricum, zinapita kwenye tumbo la ng'ombe zikiwa hai, zinatoka na kinyesi, zinaingia kwenye maziwa kupitia chuchu isiyooshwa, na wiki kadhaa baadaye jibini inavimba na kupasuka kutoka ndani. Joto la kuchemshia maziwa haliziui. Huko Italia, watengenezaji wa jibini ya Parmigiano Reggiano wamekataza kabisa saileji kwa ng'ombe wao.

Tumekubaliana hivi: maziwa ya jibini yanatoka tu kwa ng'ombe wanaolishwa mapipa yaliyopimwa pH 4.2 au chini, saileji inatolewa baada ya kukamua na si kabla, na matiti yanaoshwa na kukaushwa kwa kitambaa cha ng'ombe mmoja mmoja. Ameomba aweke pembeni jibini chache za maziwa hayo na kuziangalia mpaka ziive. Tunangoja.

Agosti

Ng'ombe wamezoeshwa kwa wiki moja, wakianza na konzi chache juu ya majani ya kawaida, sasa wanakula saileji hadi nusu ya chakula chao. Mwanzoni wawili waliikataa, wakalamba chumvi iliyonyunyiziwa juu, wakaendelea. Maziwa hayajapanda. Hayajashuka pia, na Agosti, hilo ndilo tulilolitafuta.

Wafugaji wameanza kuuliza kama bakteria wataongeza protini. Hapana. Saileji haiwi bora kuliko majani yaliyoingia pipani, na mabingobingo ni maskini wa protini. Kila hori inatiwa pia majani ya kaliandra, mti mdogo wenye majani ya protini, yaliyopandwa kwenye uzio, na asiye na kaliandra amepewa miche.

Kwa msimu wa mvua unaoanza Septemba chama kimepitisha yafuatayo. Hela ya unga wa bakteria inahamishiwa kwenye mashine moja ya kukatia majani, ya kuzungushwa kwa mkono, itakayozunguka nyumba kwa nyumba. Panga ndilo lililotuchelewesha kufunga mapipa kuliko kitu kingine chochote. Mbegu itakuwa juisi, kwa walio wengi. Unga tutaununua tu kwa wanaouza maziwa ya jibini, na kwa wale wanaomaliza pipa polepole. Molasi itaagizwa pamoja, mapema, kabla bei haijapanda Novemba. Na kundi jipya la majaribio litakuwa la ndizi za kasiksi dhidi ya molasi, mapipa sita, yote yakiwa na juisi ileile, kwa sababu mapipa mawili ya ndizi ya Mei yalifunguka vizuri na ndizi mbivu hapa hatuziagizi kutoka popote.